Mavyaa anauza kombe, mimi naliogopa tope

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mke wa mvuvi, tunakaa mjini Unguja upande wa pwani, nyumba moja na mavyaa wangu. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne na nina mimba ya miezi mitano.

Kila bamvua mavyaa hushuka pwani na wenzake kuchokoa kombe na chaza. Wengine tunawapika nyumbani, waliobaki anawauza mafungu mafungu barazani. Hiyo ndiyo pesa yake, haombi mtu. Pale anapochokoa si mbali na mdomo wa mtaro mkubwa wa maji machafu, na upande wa pili kuna chelezo wanapokwangua na kupaka rangi boti.

Sasa mpwa wa mume wangu anasoma chuo. Alikuja siku moja akatueleza kuwa wamefundishwa tope la pwani zilizo karibu na miji hukusanya metali nzito: risasi, shaba, kadimiamu, zebaki. Akasema kombe anaishi ndani ya tope na anachuja maji yale yale, kwa hiyo mwenye kula kombe anakula na vilivyomo. Akasema mtaro wetu na chelezo letu ndiyo mfano wenyewe, hapo pamezidi.

Tangu siku hiyo kombe hawapiti kooni mwangu. Juzi mavyaa alipika wa nazi, nikamwaga sahani ya mtoto mbele yake. Hapo ndipo ilipowaka. Kaniambia, "Nimekula kombe wa pwani hii tangu sijaota meno, leo nina miaka sabini na nashuka pwani kwa miguu yangu. Wewe umekuja juzi unaniambia nawalisha watu sumu?" Hatusemeshani vizuri mpaka leo. Mume wangu hataki kuingia kati. Akirudi baharini anakaa zake uwani na kazi yake ya kuyeyusha betri kuukuu za gari apate chubwi za nyavu na mishipi, mtoto yuko pembeni yake anazichezea zile zilizopoa.

Na mtoto mwenyewe ananitia hofu. Kliniki wanasema damu yake ndogo. Hasemi kama wenziwe wa rika lake, analalamika tumbo, choo kinamfunga. Mavyaa anasema ni jicho la watu, kwa hiyo haachi kumpaka wanja. Mimi mimba hii imenitia hamu ya udongo, nakula kila siku. Kuna jamaa anauza dawa ya kusafisha damu, anasema inatoa sumu zote za metali, chupa moja kwa mimi na moja kwa mtoto.

Shangazi, je ni kweli tope linatuua? Niache samaki wote? Kuchemsha sana na ndimu kunasaidia? Na huyu mama nitamwambia nini?

Mkaza Mwana, Unguja

* * *

Waalaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma hadi mwisho, kisha nikarudi kwenye mstari ambao wewe umeupita mbio: mumeo anayeyusha betri uwani na mtoto yuko pembeni anachezea chubwi. Kombe na tope nitakujibu, maana hofu yako ina msingi. Lakini jiko lile lizimwe leo, kabla ya ugomvi wa kombe kuamuliwa.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Moto huo jiko la makaa linaupata bila taabu, ndiyo maana wavuvi dunia nzima hujifanyia chubwi wenyewe. Ndani ya betri si risasi ngumu peke yake. Kuna unga unga uliogandamana kwenye zile bamba zake, nao ni risasi iliyochanganyika na asidi, rahisi kupeperuka, rahisi kushika vidoleni. Ukiyeyusha, moshi unapanda na vumbi linatua: kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mchanga wa uwani, kwenye nywele za mtoto. Halionekani wala halinuki. Mtoto wa miaka minne hutia mkono kinywani hata ukimkanya, na tumbo la mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko la mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile. Akiwa na upungufu wa madini ya chuma, kama inavyoelekea wa kwako anao, hufyonza zaidi.

Usidhani natia chumvi. Thiaroye-sur-Mer ni mtaa wa pwani pembezoni mwa Dakar, Senegal, watu wake wavuvi kama nyinyi. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 walikufa huko watoto 18, na chanzo kilikuwa mabaki ya betri: watu walikuwa wakichekecha mchanga wenye risasi waiuze, wengine majumbani mwao. Na hapa jirani Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido aliwahi kufanya kazi humo, mwanawe mchanga akaugua, damu yake ikakutwa na risasi, naye ndipo alipoanza kupiga kelele. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Najua uwani kwenu si kiwanda. Lakini mtoto wako analala hatua chache tu kutoka kwenye jiko.

Damu ndogo, tumbo kuuma, choo kufunga, kuchelewa kusema. Siwezi kukuambia kwa barua kuwa hiyo ni risasi. Minyoo hupunguza damu, lishe pia, na mtoto asiyesema hupimwa masikio kwanza. Lakini dalili hizo nne kwa pamoja, katika nyumba inayoyeyusha betri, daktari yeyote akielezwa lazima asimame. Tatizo ni kwamba pengine hukumweleza. Nenda hospitali ya rufaa, sema kwa maneno haya haya: "Baba yake anayeyusha betri nyumbani, naomba apimwe risasi kwenye damu." Kama kipimo hakifanyiki hapo, uliza sampuli inapelekwa wapi. Shirika la Afya Duniani linasema kipimo kikifika maikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Halisemi kuwa chini ya hapo ni salama, kwa sababu hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara kwa mtoto. Na wewe upimwe, maana risasi inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa aliye tumboni. Ile uliyoivuta miaka ya nyuma imelala mifupani, na mimba huiamsha ikarudi kwenye damu.

Dawa ya chupa usinunue. Dawa za kutoa risasi zipo kweli, lakini hutolewa hospitalini, kwa watoto wenye kiwango kikubwa, kwa kawaida kuanzia maikrogramu 45, na chini ya uangalizi. Jamaa hana dawa hiyo. Nusu ya risasi iliyomo kwenye damu hupungua ndani ya mwezi mmoja hivi chanzo kikiondoka, kwa hiyo kazi kubwa ni kuondoa chanzo.

Uwani usifagiwe mkavu. Mwagia maji kwanza, kwangua mchanga wa juu pale palipokuwa na jiko, tia kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vipande vya betri, halafu uulize Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, wapi pa kuvipeleka. Usivitupe mtaroni, utakuwa umeyapeleka kwa kombe yale yale unayoyakimbia. Paliposafishwa tandika kokoto au mimina saruji. Kazi hiyo aifanye mumeo, si wewe mwenye mimba. Nguo zake za kazi zifuliwe mbali na za mtoto. Sufuria ile isirudi jikoni hata ikisuguliwa ikang'ara. Na kama mna kuku wanaochakura hapo uwani, acheni mayai yao kwanza, kwa sababu risasi ya mchanga huingia kwenye yai.

Mumeo atasema chubwi bila risasi hazizami. Watu walivua kabla ya betri kuja. Mawe yalifungwa kwenye dema na nyavu miaka na miaka, na leo kuna nati kuukuu za chuma na vipande vya zege vya kumimina mwenyewe. Zitakuwa kubwa kidogo, atanung'unika, kisha atazoea.

Udongo uache, na hamu yake usiionee haya, wajawazito wengi wanayo na mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu. Lakini udongo wenyewe unaweza kubeba risasi na mayai ya minyoo, tena unazuia chuma kisifyonzwe. Mwambie mkunga wazi, akupime damu na akupe vidonge. Wanja nao uangalie. Mwingine hutengenezwa kwa jiwe la galena, na galena kwa sehemu kubwa ni risasi. Hirizi sina neno nayo, ila machoni mwa mtoto usipakwe wanja ambao hamjui umetengenezwa na nini.

Sasa tope.

Mpwa wenu hakudanganya, ila amerukia mwisho wa hadithi. Zamani chini ya mashua palipakwa deheni, chokaa na mafuta. Leo boti hupakwa rangi ya dukani ya kuzuia chaza wasigande, na nyingi ya rangi hizo zina shaba, maana shaba ndiyo inayowaua. Kulikuwa na nyingine kali zaidi zenye bati, mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ukaanza kufanya kazi 2008. Boti ikikwanguliwa maji yakiwa yamekupwa, magamba ya rangi yanaanguka pale pale. Mtaro nao unaleta maji ya gereji, vumbi la barabara, betri za redio zilizotupwa, na mabaki ya enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Madini hayo hayaozi kama ganda la ndizi. Hugandamana na chembe laini za tope na kuzama nazo. Tope la pwani ya mji ni kama kibubu: kila mvua inatia chochote, na hakuna anayekivunja.

Lakini si kila pwani ni tope. Mchanga mweupe wa kwetu umetokana na matumbawe na makombe, chembe zake ni kubwa, hazishiki metali sana. Zinazoshika ni zile sehemu nyeusi zenye kunata, karibu na mikoko na midomo ya mitaro, zinazonuka yai bovu ukizichimbua. Ile harufu ni ya salfa, na salfa hiyo ndiyo inayoifunga metali isitoke. Wakija kuchimba kupanua bandari au kung'oa mikoko, tope hukutana na hewa na sehemu ya kilichofungwa huachiliwa majini. Hilo ni jambo la kuwauliza wakubwa kila unaposikia mradi wa pwani.

Ukimwona tena mpwa wenu, muulize "pamezidi" kwa kipimo gani. Kuna mwongozo wa Marekani unaotumika sana: risasi kwenye tope ikiwa chini ya miligramu 46.7 kwa kilo, ni nadra viumbe wa hapo kudhurika. Ikipita 218, kudhurika ni jambo la kawaida. Viumbe, mwanangu. Kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya minyoo na kaa wanaoishi mle, hakikuwekwa kwa ajili ya sahani yako. Tope linaweza kuwa chafu na kombe wake wakawa chini ya kiwango cha chakula, na linaweza kuonekana la wastani huku kombe wamejaza, kwa sababu inategemea metali imefungwa vipi na kombe ni wa aina gani. Chaza, kwa mfano, hulimbikiza shaba na zinki kuliko wengi. Kwa hiyo kinachopimwa ni nyama ya kombe. Ulaya huruhusu risasi hadi miligramu 1.5 kwa kilo ya nyama ya kombe, na kanuni za chakula za kimataifa, Codex, zinaweka kadimiamu miligramu 2.

Kuchemsha? Hapana. Moto unaua vijidudu, metali hauiui, na ndimu haiiondoi. Kuloweka usiku kucha kunatoa mchanga tumboni mwa kombe, lakini metali iko ndani ya nyama. Hata hivyo, kombe wa mdomo wa mtaro ningewakataa hata kama metali haipo. Maji ya vyoo yanaleta kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini, na hayo humlaza mtu wiki hii hii, hayasubiri miaka.

Kwa hiyo wewe na mtoto msile kombe wa pale. Kwa hilo nakuunga mkono. Kumwaga sahani mbele ya mzee, hapana. Utamwomba radhi, na usiweke "lakini" ndani yake.

Halafu utamwambia nini? Usimwambie anauza sumu. Yeye anasema ana miaka sabini na anatembea, na ni kweli. Ila alipokuwa mtoto mji haukuwa na magari haya wala mtaro huu wala rangi hizi. Na risasi mara nyingi haiui kwa ghafla watu wakaweka tanga. Inapunguza akili ya mtoto na kupandisha shinikizo la damu la mtu mzima, na watu wanasema ni uzee au ni majaaliwa. Kadimiamu ikiingia kwenye figo huchukua miaka kumi hadi thelathini kupungua nusu. Ningekuwa wewe ningeanza na kazi yake: "Mama, twendeni bamvua ijayo upande wa mbali na mtaro, mimi nitabeba ndoo." Wateja wake wakijua kombe wametoka pwani safi, atauza vizuri zaidi, na yeye ni mfanyabiashara, hilo atalisikia. Tope lenyewe haliingizi risasi kwa ngozi kiasi cha kuogopa. Anawe mikono kabla ya kula na avae viatu, kidonda cha ganda la chaza ni kibaya.

Samaki usiache, tafadhali. Mjamzito Zanzibar akiacha samaki atakula nini? Chai na mkate. Kula dagaa, vibua, tasi, changu. Dagaa ukimla mzima na mifupa yake unapata kalisi, na kalisi na chuma ndivyo vinavyoizuia risasi isifyonzwe. Chai usinywe pamoja na chakula, inazuia chuma. Pweza na ngisi toa matumbo yote, kadimiamu hukaa huko.

Wa kupunguza mpaka ujifungue na umalize kunyonyesha ni papa, nduaro na jodari wakubwa, kwa sababu ya zebaki. Hiyo haitoki kwenye mtaro wenu. Inatoka hewani, kwenye makaa ya mawe yanayochomwa na machimbo ya dhahabu, bakteria wa kwenye tope lisilo na hewa huigeuza ikawa ya kudumu mwilini, mdogo analiwa na mkubwa, na papa yuko juu ya wote. Papa mkavu ndiyo kabisa, maji yametoka zebaki imebaki. Najua nimekugusa pabaya, papa wa nazi hana mpinzani. Lakini Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa 1956 ulionyesha mama asiye na dalili yoyote akizaa mtoto aliyeumia ubongo, kwa samaki na kombe wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda. Zebaki ya kwetu si ya kiasi kile. Hata hivyo, sababu ya kungojea mpaka umalize kunyonyesha inatosha.

Mwisho, hili la kujua badala ya kudhani. Wanawake wanaochokoa pale waende pamoja kwa sheha, waandike barua moja, sheha aipeleke ZEMA, waombe kombe wapimwe na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari nao wako Unguja, na mpwa wenu badala ya kutisha watu angeomba mwalimu wake amsimamie afanye kazi hiyo. Kombe wachukuliwe sehemu kadhaa, karibu na mtaro na mbali nao, kila sehemu mfuko wake safi wa plastiki wenye jina la mahali na tarehe, wawekwe kwenye barafu. Wasitiwe kwenye kopo la bati lenye kutu, matokeo yataharibika. Majibu yakija, ombeni namba na muombe mwelezwe zimelinganishwa na kiwango kipi. Na barua hiyo jina la kwanza liwe la mavyaa wako, yeye ndiye anayeijua pwani ile kuliko nyote.

Shangazi